Ukurasa Niliouruka

Kwangu mimi harufu ya saruji mbichi ni harufu ya aibu. Wengine wakiinusa wanaona nyumba mpya, wanaona mtu kapiga hatua. Mimi natafuta upande wa kugeuzia pua. Nilikuwa darasa la sita, likizo ya Juni, saruji ilipofika kwa mara ya kwanza kijijini kwetu, karibu na Songwa, kwenye ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi mpaka ndama anazamisha mguu. Haikuja kujenga zahanati, wala choo cha shule, ambako tulikuwa tunajisaidia vichakani. Ilikuja kumjengea marehemu. Baba yangu alikuwa ameamua kumjengea kaburi babu yake, Mzee Malale, kaburi la ngazi mbili lenye jina la kuchonga, na kwa wiki nzima uani kwetu kulinuka saruji, samadi na michembe ya viazi iliyoanikwa juu ya paa. Mafundi wawili kutoka Maganzo walikula ugali wetu, wakanywa maziwa yetu ya mgando, wakatucheka kwa Kiswahili chetu cha Kisukuma. Sisi tulio hai tulikuwa tunalala kwenye nyumba ya tope iliyovuja kila masika, na hakuna aliyeona ajabu.

Baba alikuwa mtu wa kuchekecha mchanga wa almasi. Miaka nenda rudi alikuwa anainama huko Maganzo na chekeche lake, anarudi na mgongo unaouma na mikono mitupu, mpaka siku moja akaokota jiwe dogo kama punje ya mtama. Kwa jiwe hilo akanunua ng'ombe, akanunua kofia ya pama, na akaanza kukohoa kabla ya kuzungumza kama wafanyavyo wakubwa. Kilichokuwa kimebaki ni kuwa mtu mwenye asili. Kwa bahati nzuri babu alikuwa naye. Tangu tukiwa wadogo tulisimuliwa jinsi Malale alivyouokoa ukoo: njaa ilipoingia na watu wakaanza kula mizizi, yeye alishika fimbo yake akaenda magharibi, huko kwa Wasumbwa, akarudi na mizigo ya mtama na majembe mawili. Bila yeye, tuliambiwa, hakuna hata mmoja wetu angezaliwa. Nilikuwa nalala nikimwona Malale akija kutoka machweo ya jua na mtama kichwani. Mtu kaenda na fimbo karudi na mtama, na watu wazima, wenye akili zao, wanaojua kupatana bei ya ndama kutwa nzima, hawakuuliza hata siku moja alilipa nini.

Baba alitaka habari hizo ziandikwe kwenye daftari, zisomwe mbele ya ukoo mzima siku ya kuzindua kaburi. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu na mwandiko wake ulikuwa kama kuku kaparua. Akaniita mimi. "Minza," alisema, "wewe una mwandiko wa mwalimu." Hee! Nilivimba kichwa mpaka wenzangu wakaanza kuniita Mama Karani. Akaninunulia kaunta buku jipya la jalada gumu, tukawa tunazunguka kwa wazee, yeye anauliza, mimi naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda, ulimi nje. Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi historia inavyopikwa. Mzee mmoja alisema Malale aliua simba kwa mkuki. Wa pili akasema hapana, alikuwa fisi. Wa tatu akacheka mpaka akakohoa, akasema hata huyo fisi alikutwa amekwisha kufa. Nilimtazama Baba kujua nishike lipi. "Andika simba," akasema. Nikaandika simba.

Dada yangu Kabula alikuwa likizo vilevile. Yeye alikuwa kidato cha pili mjini Shinyanga, msichana wa kwanza kijijini kufika huko, na alirudi na sketi ya bluu ambayo alikuwa anaifua mwenyewe na kuikunjia chini ya godoro ili inyooke. Alikuwa ananifundisha hesabu za sehemu kwa kukatakata kiazi. Akikosea alijicheka, nikikosea mimi alinifinya sikio, na kiazi tulikuwa tunakila wote somo likiisha. Alitaka kuwa daktari wa mifugo, jambo lililomfanya Baba acheke kila alipolisikia, maana kwake mtu wa kutibu ng'ombe alikuwa ni mwenye ng'ombe. Nasema ukweli wangu leo, maana umri wa kudanganya umepita: nilimpenda Kabula, na ile sketi niliionea wivu mpaka nikawa naivaa kisiri akienda kisimani.

Katikati ya likizo akaja mgeni kwa pikipiki. Alikuwa mwenye duara huko upande wa Geita, yaani mmiliki wa shimo la dhahabu, mtu wa makamo, mnene wa shingo, na wake wawili tayari. Alimwona Kabula stendi ya Shinyanga siku ya kufunga shule, akaulizia kwao mpaka akapajua. Ng'ombe aliowataja walimfanya Baba avue kofia. Mama alisema hapana mara moja, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Lakini hata Baba hakuweza kuamua peke yake, kwa sababu kwetu binti hatoki bila kauli ya mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo alikuwa Baba Mkubwa Shija, kaka yake, aliyeshika matambiko. Basi ikapangwa kwamba jibu litatolewa siku ileile ya kaburi, wazee wote wakiwepo, daftari likishasomwa. Kabula alilia siku mbili. Siku ya tatu akanawa uso, akaanza kutafuta njia.

Njia ilikuja bila kutafutwa. Mzee yule wa fisi alimwambia Baba kwamba huko magharibi, jirani na Bulyanhulu, kuna watu ambao mpaka leo wanalikumbuka jina la Malale. Baba alifurahi kama kaokota jiwe la pili. Watu wa mbali wanamkumbuka! Mashahidi! Tulipanda basi mpaka Kahama, tukapanda jingine, tukashuka kwenye vumbi jekundu na kelele za wachimbaji, tukatembea kwa kuulizia mpaka kwenye mji wa bibi mmoja mzee aitwaye Nyamizi. Nilimwamkia shikamoo, Baba naye akaamkia. Bibi akauliza sisi ni watu wa nani. Baba akakohoa, akasema, "Sisi ni wa Malale."

Yule bibi alisimama. Alikuwa na magoti mabovu, lakini alisimama bila fimbo, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. "Wamekuja! Watu wa Malale wamekuja!" Alitutandikia ngozi, akaagiza kuku akamatwe, akanishika mashavu kwa viganja vyake vikavu na kuniita ng'wanawane, mwanangu. Baba alikaa akitabasamu, kofia juu ya goti. Alinikonyeza nifungue daftari. Kisha bibi akakaa mbele yetu, akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akauliza, "Haya, majembe yako wapi?"

Baba alidhani ni utani, akacheka. Bibi hakucheka. Akauliza tena, mara hii polepole, kama mtu anayesemesha kiziwi, na Baba alipobaki kumkodolea macho ndipo akaelewa kwamba hatujui lolote, akatusimulia. Mwaka wa njaa Malale hakufika kule na fimbo tu. Alifika amemshika mkono dada yake mdogo, Holo, binti ambaye maziwa hayajaota. Alimwacha kwa familia ya pale kama rehani, akapewa mtama na majembe mawili, wakakubaliana kwamba mvua zikinyesha atarudisha majembe na kumchukua dada yake. Holo ndiye mama aliyemzaa mama yake Nyamizi. Kila msimu wa mavuno alikuwa anaacha kazi na kwenda kukaa njiani, watu wanamwita ale, haji. Na Malale alirudi, ndiyo, alirudi mara moja tu miaka mingi baadaye, akipita na ng'ombe wake wa kuuza. Alikula chakula kilichopikwa na Holo. Alimwona ana mtoto mgongoni, akamwambia yeye si wa kukombolewa tena, amekwisha kuwa wa hapa, lakini mwakani atakuja wazungumze. Hakuja. Holo alizeeka akiwaambia watoto wake kwamba siku watu wake wakija, hata wakichelewa namna gani, wapokelewe vizuri, wasitukanwe.

"Ndiyo maana sikutukani," bibi alimwambia Baba.

Baba aliirudisha kofia kichwani. Alisema tulikuja kusalimia tu. "Kusalimia," bibi akarudia, na kichwa chake kikatikisika kidogo. Kuku aliletwa, tukala. Kisha akanigeukia mimi, maana alishaona nani mwenye kalamu. "Andika, mjukuu wangu. Andika Holo. Mkamwambie mkubwa wa ukoo wenu kwamba binti yenu bado yuko huku." Niliandika ukurasa mzima mbele na nyuma, kwa mwandiko wangu wote mzuri, na Baba hakunizuia kwa sababu majirani walikuwa wanatazama.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha Kabula ukurasa ule nyuma ya ghala la pamba. Aliusoma mara mbili, akanikumbatia mpaka kalamu ikanichoma. Ni yeye aliyeona kilichokuwa mle ndani, si mimi. Baba Mkubwa Shija alikuwa mtu wa kuogopa masamva, mizimu ya ukoo, kuliko alivyoogopa serikali. Mtoto akipata homa yeye anauliza nani kasahauliwa. "Akisikia kuna binti alitolewa akaachwa," Kabula alisema, "hatathubutu kumtoa mwingine kabla huyo hajakombolewa. Hawezi, Minza! Watakwenda kule kwanza, watatafuta majembe, watafanya tambiko. Mpaka waje wamalize, mimi shule imefunguliwa na nimekwenda zangu." Akaniambia nisome taratibu, nisimeze maneno, na nikifika kwenye jina la Holo ninyanyue sauti. Tulifanya mazoezi mara tatu.

Asubuhi ya siku yenyewe Baba aliniita nyuma ya zizi. Afadhali angenipiga. Mtoto aliyepigwa ana kovu la kuonyesha. Baba alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaongea kwa upole. Alisema ule ukurasa wa bibi wa Bulyanhulu si wa kusomwa mbele za watu. Nikiufikia nifunue karatasi mbili kwa pamoja, basi, nani atajua? Alisema Kabula ni mkubwa, atapata nyumba yake, lakini mimi ndiye mwenye kichwa. "Ng'ombe hawa ni wa kukusomesha wewe. Utasoma mpaka utakapochoka mwenyewe. Nakuapia kwa kaburi lile." Nilimwambia, "Ndiyo, Baba." Sikulia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, najua vizuri nilikuwa nafikiria nini, na sitaki mtu aje kunifariji hapa kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa nafikiria sketi ya bluu.

Watu walijaa. Ukoo wa Malale ulikuwa umetoka hadi Kishapu na kwingineko, wengine kwa baiskeli, wanawake na vitenge vya sare, na kaburi lilikuwa katikati likimetameta kwa maji ambayo fundi alilimwagia lisipasuke. Nilisimama juu ya ngazi ya kwanza. Nilisoma majina ya waliozaa na waliozaliwa, nikasoma simba, watu wakashangilia. Kabula alikuwa amesimama pamoja na wasichana wengine waliobeba vibuyu vya togwa, shingo imenyooka, ananitikisia kichwa kidogo kila nilipomaliza sentensi, kama alivyokuwa anafanya kwenye hesabu. Nilifika chini ya ukurasa. Nikalowesha kidole kwa ulimi, nikafunua karatasi mbili kwa pamoja, nikaendelea na habari za Malale kurudi na mtama. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na kama kuna kitu ninachokichukia mwilini mwangu hadi leo ni sauti ile. Nilipomaliza nilipigiwa makofi. Baba Mkubwa Shija akachukua maji yenye unga kinywani, akayapuliza juu ya saruji, akasema kwa sauti nene kwamba ukoo huu haujawahi kumtupa mtu wake. Kisha wazee wakakaa chini kuzungumza habari ya mgeni mwenye pikipiki, na hawakuchukua muda mrefu.

Kabula alinikuta jioni nikikusanya vibuyu. Nilijiandaa kupigwa, nilijiandaa kutukanwa, nikawa nimekwisha kupanga cha kujibu. Akaniuliza tu, "Karatasi ziligandana?"

Nikamjibu, "Ndiyo, ziligandana."

Aliitikia kwa kichwa, akanisaidia kubeba vibuyu. Wiki ile haikuisha, akaondoka. Shuleni ilipelekwa barua kwamba anaumwa. Sketi aliniachia mimi, ameikunja vizuri juu ya godoro, na nilipoingia sekondari ilikuwa inanitosha.

Baba alitimiza ahadi yake, na hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe. Angenidanganya ningekuwa mwenzake Kabula, ningekuwa na haki ya kumlaani. Lakini aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine, nikasoma, nikawa mwalimu, na leo nafundisha hapahapa Shinyanga na naitwa Madam. Kabula alizaa watoto watano. Shimo la mumewe liliporomoka siku moja watu wakiwa chini. Yeye mume alikuwa juu akapona, akahama na mke mwingine usiku wa matanga, na tangu hapo Kabula anawapikia wachimbaji ugali na dagaa chini ya turubai. Nikienda kumtembelea basi langu linapita njia ya Bulyanhulu. Kila mara linapokaribia kituo kile najifanya natafuta kitu kwenye mkoba, mpaka tumepita. Bibi Nyamizi atakuwa amekwisha kufa, na sidhani kama aliacha kuwaambia wanawe watupokee vizuri. Kaburi la Malale nalo limepasuka toka juu hadi chini, mbuzi wanalala pale kwa sababu saruji inatunza joto.

Binti wa mwisho wa Kabula, Wande, nilimchukua mimi nikamsomesha. Watu wananisifu kwa hilo, wanasema nina moyo. Nawaacha waseme. Wande sasa yuko chuo kikuu, mtoto mwerevu, mcheshi, simu haimtoki mkononi, na ndiye aliyeanzisha kundi la ukoo kwenye simu ambalo sasa lina watu hadi wa Mwanza na Dodoma. Mwaka jana akaamua kuchora mti wa ukoo. Alikuja kwangu likizo na maswali yake yamepangwa, akakaa sakafuni miguu ameikunja, akaniambia, "Mama Mdogo, wewe nataka nikuweke vizuri kabisa. Msichana wa kwanza kumaliza, ulipigania elimu, ulikataa kuolewa. Nisimulie ulivyopambana na Babu."

Nikamsimulia. Nilimsimulia yote, kuanzia majembe hadi karatasi mbili, na nililia kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto wa dada yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama mama yake anajua, nikamwambia alijua tangu siku ileile. Karatasi mpya hazigandani, na Kabula hakuwa mjinga. Wande alichezea kona ya mkeka. Nilingoja anitukane. Kwa kweli nilikuwa nataka anitukane, nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo apatikane mtu wa kufanya hivyo.

"Pole, Mama Mdogo," akasema. Kisha akaongeza, kwa upole, kwa sauti ileile ya nyuma ya zizi ingawa hakuwahi kuisikia, kwamba kundi lina watu wengi, wajomba ni wazee, Babu mwenyewe kishatangulia, na Malale ndiye anayewaunganisha wote. "Tusiwachafue watu. Hili la Holo tuliache tu kwanza, au unaonaje?"

Ningeweza kukataa. Simu ilikuwa mkononi mwangu, kundi limefunguka, watu wote wa Malale wako mle ndani wanangoja, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuniahidi kitu. Nilimtazama yule mtoto, sura ni ya Kabula mtupu, nikamwambia, "Sawa, mwanangu."

Mti ulirushwa kwenye kundi Jumapili, ukapigiwa makofi. Malale yuko juu kabisa, na pembeni yake pameandikwa kwamba aliuokoa ukoo wakati wa njaa. Dada hana. Mimi niko chini, "Mwalimu, msomi wa kwanza wa kike," na ua la njano. Kando yangu yuko Kabula. Chini ya jina lake binti yake mwenyewe ameandika maneno mawili: "Aliolewa Geita."